Wikendi ya Kipupwe: Mwongozo kwa Aliye Tayari Kujadiliwa Mtaa Mzima

Kuna imani iliyoota mizizi Pwani ya Kenya kwamba Julai si mwezi wa kutazama ndege. Ndege, watu husema, huja na kaskazi, wakati Ulaya na sehemu kubwa ya Asia ziko kwenye baridi kali. Aprili ikifika wanarudi kwao, nasi tunabaki na kunguru, upepo wa kusi na mahindi ya kuchoma. Mwongozo huu umeandikwa kuipinga imani hiyo. Unamhusu mkazi wa Gede, Watamu, Matsangoni, Malindi au popote kati ya hapo, mwenye wikendi moja ya kipupwe mkononi, na aliye tayari kuulizwa na kila mpita njia kama amepotelewa na mbuzi. Maana ukisimama chini ya mwembe saa kumi na mbili na nusu asubuhi umekodolea matawi macho, hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa. Jibu kwa heshima, kisha mpe anayeuliza darubini naye aangalie. Hiyo ndiyo kanuni kuu ya mwongozo mzima.

Tuanze na baridi yenyewe. Kipupwe chetu ni Juni hadi Agosti, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 22 hivi. Mtu wa Limuru akisikia tunaiita hiyo baridi atacheka, na ana haki ya kucheka. Lakini kusini zaidi mambo ni mazito. Kuanzia kusini mwa Tanzania hadi Msumbiji, na ng'ambo ya bahari huko Madagaska, huu ni msimu wa ukavu na ubaridi. Majani hupukutika, wadudu huadimika, na ndege wanaowategemea hufunga safari kuja kwetu. Kwa hiyo pwani yetu hupokea wageni mara mbili kwa mwaka: wa kaskazini pamoja na kaskazi, wa kusini pamoja na kusi. Wale wa kwanza ni wengi na sifa zao zimeenea. Hawa wa pili ni wachache, wengi wao hujificha chini ya vichaka, na miongoni mwao wamo walio hatarini kutoweka duniani kote. Ndio tunaowatafuta.

VIFAA, NA BARAKA ZA MAJIRANI

Darubini nzuri kwa kazi hii ni ile iliyoandikwa 8x42 au karibu na hapo. Namba ya kwanza inaonyesha inakuza mara ngapi, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Utakutana na muuzaji atakayekusifia ya 20x50 kwa sababu inakuza zaidi. Mshukuru uendelee na safari yako. Darubini inayokuza mara 20 inakuza pia mtetemo wa mkono wako, na ndani ya msitu utaona kijani kinachocheza ngoma na si kingine. Jifunze kwanza mbinu moja tu: ukishamwona ndege kwa macho, usishushe macho kuitazama darubini. Inua darubini ije usoni. Anayeshusha macho huanza kumtafuta ndege upya, na ndege hana muda huo.

Vaa rangi zilizopoa, suruali ndefu, na soksi zilizovutwa juu ya suruali. Utaonekana kituko, lakini siafu na kupe hawatapata njia. Kitabu cha kubeba ni kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2002. Asiye na kitabu abebe daftari na penseli. Kuandika "mgongo kijani, tumbo jekundu, mkia mfupi" kuna faida kubwa kuliko kukisia jina.

Kwa ajili ya nondo unahitaji shuka jeupe, kamba, na taa. Shuka liombwe kwa mwenyewe mchana, kabla ya kutumika, kwa maelezo kamili, kwa sababu litarudi na unga wa mabawa na pengine mayai ya nondo yaliyopangwa safu. Taa ya kawaida ya LED huvuta nondo kidogo. Balbu ya zamani ya mvuke wa zebaki huvuta zaidi, ila ni ghali na hula umeme. Njia rahisi ni taa ndogo ya mwanga wa urujuani, ile ambayo wenye maduka hutumia kukagua noti bandia. Nondo wanauona mwanga huo vizuri sana, na bei yake haimtishi mtu.

Sasa majirani. Usiifanye kazi hii kwa siri. Katika kaunti ambayo wazee wetu wameuawa kwa kushukiwa uchawi, mtu anayekaa gizani kando ya shuka jeupe linalong'aa anatakiwa awe ametoa taarifa mapema. Mwambie mzee wa Nyumba Kumi. Waambie vijana wa bodaboda pale stendi, maana wao ndio wapitao usiku. Waalike watoto waje na wazazi wao hadi saa tatu. Ukifanya hivyo, hutakuwa mtu wa kuogopwa. Utakuwa burudani ya Jumamosi, na hakuna cheo kinachokufungulia milango mingi zaidi.

IJUMAA JIONI: KUMNYWESHA MTI

Siyo nondo wote wanaofuata taa. Wengine hufuata harufu ya kitu kilichochacha, na hapa Kilifi hatuna upungufu wa kitu kilichochacha. Nenda kwa mgema ununue mnazi uliolala. Ponda ndizi zilizoiva mpaka zikawa nyeusi, weka sukari ya kutosha, mimina mnazi, koroga, uache mchanganyiko kwenye jua mchana kutwa. Jua likizama, chukua brashi ya rangi upake kwenye shina la mwembe kwa usawa wa kifua chako. Atakayepita atauliza kwa nini unampa mti kileo ilhali kuna watu wenye kiu. Mwambie ukweli, kwamba wageni wenyewe watafika baada ya saa mbili, na kwamba anakaribishwa kuwaona.

Rudi na tochi ukiwa umeifunika kwa karatasi nyekundu, uende polepole. Unaomtafuta hasa ni nondo wa jenasi ya Eudocima. Akikunja mabawa ni jani lililokauka, mpaka mishipa ya jani imechorwa. Akishtuka hufunua mabawa ya nyuma ya rangi ya machungwa iliyokolea, yenye alama nyeusi. Ulimi wake ni mgumu na una meno ya kutoboa ganda la tunda, na wenye mashamba ya machungwa na maembe wanamjua kwa hasara. Usimchukie kwa hilo usiku wa leo. Mtazame anavyokunywa.

JUMAMOSI ASUBUHI: ANZA NA KUNGURU, MALIZIA GEDE

Kabla ya kwenda popote, tazama uani kwako kwa nusu saa. Yuko shore, mwenye kichwa cheusi na kelele nyingi. Yuko chozi kwenye maua, tetere kwenye waya, mnana akijenga, dudumizi akilia mle kichakani watu waseme mvua iko njiani. Na yuko kunguru mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na akasambaa pwani yote. Mwandike naye. Anapozidi, ndege wadogo hupungua, maana hula mayai na makinda yao, na huwezi kujua amezidi wapi kama hakuna aliyemhesabu.

Kisha nenda magofu ya Gede. Mji huu wa Waswahili ulihamwa karne ya 17, ukatangazwa rasmi kuwa eneo la kihistoria mwaka 1927, na mwaka 2024 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wageni huja kuona msikiti na jumba la mfalme, na kwa kweli inafaa waje. Lakini kwa kuwa mji uliachwa na msitu ukaachwa uuzunguke, Gede ni mahali ambapo mkazi wa kawaida anaweza kuona bila taabu kile kinachotafutwa na watu wanaovuka bahari kwa ajili yake.

Fika mlango unapofunguliwa. Tembea hadi penye majani makavu mengi chini ya miti mikubwa, simama, usifanye lolote. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, hasa kwetu sisi tuliozoea kuona kwamba asiyefanya lolote amekosa kazi. Sikiliza majani. Kuku wa nyumba ya jirani anayepekua jalala hutoa sauti ile ile: kwaruza, nyamaza, kwaruza. Ukiisikia mahali ambapo hakuna kuku, inama polepole.

Huenda ni sange, mnyama mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, ambaye nje ya misitu hii ya pwani ya Kenya hayupo karibu popote. Mtazame, umetembelewa na bahati. Lakini huenda ni mkesha mwenye madoa, Geokichla guttata kwa jina la kisayansi, na huyu ndiye mgeni wa kipupwe aliyetupa sababu ya kuamka. Mgongo ni wa kahawia, kifua cheupe kimejaa madoa meusi ya duara, mabawani ana mistari miwili myeupe. Anageuza jani, anaangalia, anageuza jingine. Anatufikia mnamo Aprili na kuondoka ifikapo Novemba, na amepatikana akizaliana katika misitu ya kusini mwa Tanzania. Duniani kote yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Anahitaji kitu kimoja ambacho sisi hukiita uchafu: majani makavu yaliyoachwa chini, na kivuli juu yake. Palipofagiliwa hakai.

Katika majani hayo hayo hukaa pitta wa Afrika, mgongo kijani, tumbo jekundu, nyusi za rangi ya mchanga juu ya uso mweusi. Huzaliana kusini wakati wa mvua na hukaa kwetu kipupwe. Ndege wa rangi kama hizo angepaswa kuonekana kutoka barabarani, lakini anatulia kivulini na watu humpita hatua chache tu. Husafiri usiku, na taa kali za majumba humchanganya mpaka akagonga madirisha na kuta. Likumbuke jambo hilo tutakapofika kwenye taa.

Wa tatu utamsikia kabla ya kumwona. Ni kurumbiza mwenye kifua cha rangi ya machungwa na mabawa ya kijivu cha samawati, naye hufurika pwani kuanzia Aprili. Huiga sauti za ndege wengine kwa ufundi wa kutisha. Utasikia tai, utainua kichwa, hakuna tai. Utasikia mlio wa ndege wa msituni ambaye hujawahi kumwona maishani, utaufuata robo saa, na mwisho wa njia utamkuta kurumbiza. Usiandike ndege yeyote uliyemsikia Gede kipupwe kabla hujamwona kwa macho. Hilo ni agizo, si ushauri.

JUMAMOSI ALASIRI: MTO UNAPOKUTANA NA BAHARI

Kaskazini mwa Malindi, Mto Sabaki humwaga baharini udongo mwekundu ambao umetoka hadi nyanda za juu za kati. Kwenye mchanga wa mlango wa mto huo, kati ya Aprili na Septemba, hutua makundi ya ndege kutoka Madagaska ambao ukiwaona hewani utasema ni mbayuwayu waliokuzwa: mabawa marefu, rangi ya kahawia, kiuno cheupe. Jina lao la kisayansi ni Glareola ocularis. Wanaweza kufika maelfu, na sehemu kubwa sana ya walioko duniani hupumzika mahali hapo pamoja. Wakiwa chini upepo ukivuma wote huelekeza midomo upande mmoja, na mtu aliye mbali huona mchanga mtupu. Subiri mwewe apite. Mchanga wote utaruka.

Juu ya waya na matawi makavu njiani wamekaa kina keremkerem wa Madagaska, kijani kilichofifia na kichwa cha kahawia, wakidaka nyuki na kereng'ende. Watu wengi wa Malindi huwaona kila siku ya kipupwe na hawajui kwamba wamevuka bahari.

Kaa mbali na ukingo wa mto. Sabaki ina viboko na mamba, na hakuna mstari wa orodha yako unaostahili kukutana nao. Omba kijana wa hapo akuongoze, umlipe, na umsikilize anapokuambia hapa si pa kupita.

JUMAMOSI USIKU: SHUKA

Hii ndiyo nusu ya wikendi ambayo watu huiruka, na ndiyo tajiri zaidi. Dunia ina aina 11,000 hivi za ndege. Aina za nondo zilizokwisha kupewa majina ni kama 160,000. Maana yake ni kwamba shuka lako, likitundikwa mahali pazuri kwa saa tatu, linaweza kuleta usiku mmoja viumbe ambavyo hapo kijijini hakuna aliyewahi kuviandika.

Mahali pazuri ni pale ambapo kusi haifiki. Upepo ni adui mkubwa wa kazi hii, na kipupwe kina upepo. Tundika shuka nyuma ya nyumba, au upande wa kaskazini wa kichaka, sehemu ya chini ikilala ardhini kwa sababu wengi hutua chini. Chagua usiku wa mwezi mwandamo au wenye mawingu. Manyunyu yakipita jioni, furahi. Usiku wa mwezi mpevu lala mapema, nondo hawataijali taa yako.

Kwa nini wanaijali usiku mwingine? Mwaka 2024 watafiti walichapisha katika jarida la Nature Communications kazi waliyoifanya kwa kamera za kasi. Walionyesha kwamba mdudu arukaye usiku huelekeza mgongo wake upande wenye mwanga zaidi, kwa sababu tangu zama na zama upande huo umekuwa ni anga. Taa ikiwa kando yake, anaigeuzia mgongo taa, njia yake inapinda, anaanza kuzunguka na hawezi kujinasua. Kwa hiyo nondo hajaja kwako kwa mapenzi. Umemnasa, na una wajibu wa kumwachia. Zima taa saa sita usiku kabisa. Ukiacha shuka mpaka kunakucha, shore na kunguru watakuja kufungua kinywa juu ya orodha yako, aina moja baada ya nyingine.

Wale wakubwa wenye mabawa membamba yaliyochongoka, wanaokuja kwa kasi na kuligonga shuka kwa kishindo, ni wa familia ya Sphingidae. Kabla ya kuruka utawaona wakitetemeka mahali walipo. Hawaogopi. Wanapasha misuli ya kifua joto, na ubaridi wa usiku wa kipupwe huwalazimu waifikishe zaidi ya nyuzi 30 ndipo waweze kuruka. Mmoja wao, Agrius convolvuli, ana mistari ya waridi tumboni, na kiwavi wake ni yule mnene mwenye pembe nyuma ambaye akina mama humkuta kwenye matembele wakapiga kelele. Pembe ile haichomi. Mwingine, Daphnis nerii, ana mchoro wa kijani na waridi ambao hakuna kitenge kilichoufikia.

Hawa nondo ndio wanaokupa papai. Mipapai mingi ina miti dume na miti jike, na chavua lazima itoke kwa huyu ifike kwa yule. Kazi hiyo hufanyika magharibi na usiku, na wanaoifanya ni nondo wa familia hii. Dino Martins na Steven Johnson walilichunguza jambo hili katika mashamba ya Kenya na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009. Waligundua kwamba kadiri shamba linavyokuwa mbali na pori la asili, na pori lenyewe linavyochakaa, ndivyo nondo wanavyopungua kwenye maua ya mipapai. Mkulima anayefyeka kichaka cha mwisho ili apande mipapai zaidi anafukuza vibarua wake mwenyewe, wale wasiodai mshahara. Mweleze hivyo jirani yako wakati amesimama mbele ya shuka akimtazama nondo mmoja aliyetulia. Hapo ataelewa upesi.

Ukibahatika atafika nondo wa familia ya Saturniidae, mabawa upana wa kiganja, yenye macho yaliyochorwa. Huyu akishakuwa mkubwa hana kinywa cha kulia. Alikula akiwa kiwavi. Sasa ana siku chache tu za kutafuta mwenzi, na dume hunusa jike kutoka mbali kwa vipapasio vilivyotawanyika matawi matawi. Kila dakika anayoipoteza kwenye shuka lako ni sehemu kubwa ya maisha aliyobakiwa nayo. Piga picha upesi, funika taa kwa kikapu, mwache aende.

Watoto watataka kuwashika wote. Wafundishe kuweka kidole mbele ya miguu ya nondo na kusubiri apande mwenyewe. Na kama mzazi atauliza faida ya vidudu hivi, mtajie Kipepeo, mradi ulioanzishwa Gede mwaka 1993, ambapo familia zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi na kuuza pupa wa vipepeo na nondo kwa maonyesho ya ng'ambo. Wapo waliolipa karo kwa kulea viwavi. Msitu ukikatwa, mimea ya kuwalisha inakwisha, na mapato hayo nayo yanakwisha.

JUMAPILI: ARABUKO-SOKOKE, NA HESHIMA YA BUNDI

Utakuwa na usingizi. Nenda hivyo hivyo.

Arabuko-Sokoke ni kama kilomita 420 za mraba, na ni masalio makubwa kuliko yote ya msitu mkavu wa pwani uliobaki kwa kipande kimoja Afrika Mashariki. Usiingie peke yako, kuna ndovu. Chukua mwongozaji wa hapo hapo, kijana au mzee wa vijiji vya jirani aliyejifunza ndege mlio kwa mlio. Mlipe anachostahili, usimpunguzie. Wakati wa kipupwe watalii ni wachache, na wikendi yako wewe mwenyeji ndiyo inayomfanya asiende kutafuta kazi ya kuchana mbao.

Kwenye miti ya mirihi, penye mchanga mweupe, kaa chini ya mti mmoja. Utakaa kimya muda mrefu usione hata unyoya, kisha kwa ghafla miti yote itajaa: ndege wa aina nyingi wakitafuta wadudu pamoja, hawa juu, hawa kwenye magome, hawa kwenye ncha za matawi. Ni katika makundi haya unaweza kukutana na mnana wa Clarke, ambaye makao yake duniani ni Kaunti ya Kilifi peke yake. Mahali anapozaliana palibaki kitendawili mpaka mwaka 2013, viota vilipopatikana katika pori la Dakatcha, ndani ya kaunti hiyo hiyo.

Upande wa magharibi, kwenye udongo mwekundu na vichaka vizito, mwombe mwongozaji akuonyeshe bundi wa Sokoke. Urefu wake ni sentimita 16 hivi, unaweza kumficha kwa mkono mmoja. Ulimwengu wa sayansi ulimpa jina mwaka 1966. Yupo hapa, Dakatcha, na kwenye vilima vya chini vya Usambara Mashariki nchini Tanzania. Wengine ni kijivu, wengine kahawia, wengine rangi ya kutu, na wakilala wawili pamoja mchana wamebanana hivyo hivyo bila kujali. Hutegemea matundu ya miti mizee kwa kutagia, na miti mizee kama muhuhu ndiyo inayokatwa kwa ajili ya vinyago. Usipige sauti yake kwenye simu ili aitike. Akiitika anaacha kuwinda, na wanaokuja na simu si wewe peke yako.

Najua yanayosemwa kuhusu bundi, kwamba akilia juu ya paa kuna msiba. Sikuombi umbishie bibi yako mbele ya watu. Muulize tu kwa adabu kama amewahi kumwona bundi kwa karibu, kisha mwonyeshe picha uliyoipiga. Huyu wa Sokoke hula wadudu. Wale wakubwa wa vijijini hula panya wanaotafuna mahindi ghalani. Jiwe linalorushwa kwa bundi linamwokoa panya.

Jioni ukiwa na nguvu, pita Mida Creek maji yakipwa. Utakuta ndege wa ufukweni kutoka kaskazini ambao hawakurudi kwao Aprili. Ni vijana wasiofikisha umri wa kuzaa. Hawana haraka ya kwenda kokote, na wanashinda kwenye tope wakila.

KABLA YA KULALA

Andika. Orodha iliyobaki kichwani haimlindi mtu yeyote. Ramani ya Ndege wa Kenya, Kenya Bird Map, imeigawa nchi katika miraba ya kilomita 9 hivi kila upande, na inahitaji mtu atumie angalau saa mbili ndani ya mraba mmoja akiandika kila aina aliyoiona au kuisikia. Orodha inaweza kuendelezwa hadi siku tano, hivyo wikendi yako inatosha kabisa. Hutumwa kwa programu ya simu iitwayo BirdLasser. Picha za nondo zipeleke iNaturalist, pamoja na tarehe na mahali, hata kama hujui jina. Wapo wataalamu wanaokaa kuyatafuta majina hayo.

Kisha nyumbani kwako fanya mawili. Acha kona moja ya uwanja bila kuifagia wala kuifyeka mpaka Novemba, majani yabaki chini na kivuli kibaki juu. Na zima taa ya nje unapokwenda kulala, hasa Aprili na Oktoba, wakati pitta wanapita juu ya paa lako gizani. Wenye hoteli za ufukweni, ombi hili ni lenu pia: taa zinazomulika angani usiku kucha hazimwongezei mgeni usingizi. Wageni wetu wa kusini hawahitaji kitu cha kununuliwa. Wanahitaji kichaka na giza, na vyote viwili bado tunavyo.

Wikendi ya kwanza ya Julai inakaribia. Mwombe mwenye shuka leo.